Meno Kulegea si Kosa la Maji

Mwandishi aliyedai kwamba vijana wa Dodoma na Singida wanang'oka meno kwa sababu ya maji ya visima amechanganya mambo mawili. Floraidi nyingi, ambayo kweli ipo katika baadhi ya visima vya Singida, hutia meno madoa ya kahawia tangu yakijengeka ndani ya taya. Haiyalegezi. Jino la kahawia laweza kushika imara mpaka uzeeni.

Kijana wa miaka 15 ambaye magego yake ya kwanza na meno ya mbele yanacheza ana ugonjwa mwingine: bakteria wamejificha chini ya fizi, na mfupa unaoshikilia jino unaliwa. Mara nyingi kinywa chake ni kisafi, fizi hata hazijavimba sana. Kumwambia tu apige mswaki zaidi ni kumpotezea muda huku mfupa ukizidi kuisha! Daktari wa meno apitishe kipimo chembamba chenye alama za milimita kati ya fizi na jino: 1 hadi 3 ni kawaida, 6 ni hatari. Kisha eksirei ionyeshe mfupa uliobaki. Na wadogo zake waitwe wapimwe, kwani ugonjwa huu huandama ukoo.