Kidonda kikipotea chenyewe, bado kapime

Mkazi wa Nyasura, Bunda, akiona kidonda kisichouma sehemu za siri, na baada ya wiki chache kikapotea bila dawa, ni rahisi aamini amepona. Hajapona. Kaswende huanza hivyo. Kidonda hufunga, vijidudu hubaki mwilini, na mama mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto tumboni, hata akazaliwa amekufa.

Kisonono nacho kwa mwanamume mara nyingi hutoa usaha na kumchoma anapokojoa. Kwa mwanamke kinaweza kukaa kimya bila dalili huku kikiharibu mirija ya uzazi. Baba akitibiwa peke yake, na mama akaachwa kwa kuwa "haumwi", ugonjwa humrudia baba.

Faida ya kutibiwa mapema ilionekana mkoa jirani wa Mwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulibaini kuwa kwenye jamii zilizoboreshewa tiba ya magonjwa ya ngono, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takribani asilimia 40.

Kwa hiyo, wazazi, msinunue vidonge dukani kwa kubahatisha. Nendeni wote wawili zahanati au kituo cha afya, mpime, mmalize dozi, na msikutane kimwili mpaka mhudumu awaruhusu. Mama akiwa mjamzito, baba amsindikize kliniki tangu siku ya kwanza. Kaswende hupimwa kwa damu kidogo tu, na sindano ya penisilini huitibu.