Stima Ikipotea, Nani Atatufikisha Nyumbani?

Kila tukifanya mjadala chamani kuhusu maisha ya mjini na ya mashambani, upande wa mjini huanza na taa. Eti Nairobi usiku ni kama mchana. Mimi nasema mji usipimwe taa zikiwaka. Upimwe stima ikipotea, tuone kama mtu wa kawaida atafika kwake.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, kabla ya saa nne, stima ilipotea karibu nchi nzima. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliingia giza, na Waziri wa Uchukuzi akaomba msamaha. Magazeti yaliandika sana habari za uwanja huo. Haya, lakini wanaopanda ndege ni wangapi?

Usiku huo nilikuwa Westlands na shangazi yangu (senge, kama tusemavyo huku kwetu), ambaye ni mpishi katika mkahawa. Tulikuwa tukirudi Kangemi. Nauli ya shilingi 50 ilikuwa imeshafika 150 hata kabla hatujauliza. Shangazi alipolalamika, makanga akamjibu, "Mathe, giza nayo ni pesa." Tukashika njia kwa miguu.

Mwenye gari ana taa zake mwenyewe. Mwenda kwa miguu hajui mtaro uko wapi mpaka awe ndani yake. Kina mama walitembea makundi makundi, wengine viatu mkononi, watu wasiojuana kabisa wakishikana mikono na kuitana dada. Jambo hilo lilinifurahisha, maana tumezoea kuambiwa mjini hakuna ujirani. Hata hivyo, kwani usalama wa mama atokaye kazini uwe ni bahati ya kupata kundi? Aliyechelewa dakika kumi alitembea na nani? Na zile taa ndefu za mitaani ziitwazo mulika mwizi, nazo zilizima na wenzake, mwizi akabaki bila wa kummulika!

Wapo watakaosema giza ni ajali, halina mwenyewe. Sikubali. Tarehe 6 Septemba 2024 asubuhi, laini ya kutoka Loiyangalani iliyokuwa imebeba megawati 288 za upepo ilikatika huko Suswa, kisha ile ya Ethiopia yenye megawati 200 ikafuata, na sehemu kubwa ya nchi ikazimika. Desemba mwaka huohuo stima ikapotea tena. Jambo linalorudi namna hiyo si ajali, ni kama mvua ya masika. Nani hukaa bila mwavuli akashangaa kulowa?

Basi vituo vya matatu na njia za miguu viwekewe taa za sola zisizotegemea waya mmoja. Siyo maajabu hayo, hata vibanda vya sokoni huku Bumula vinazo. Mitaro ifunikwe, kuanzia huko Kangemi na mitaa mingine wanakolala wanaopika, wanaofagia na wanaolinda mji. Nayo nauli ya kila njia iandikwe mlangoni mwa matatu, kwa herufi kubwa zinazosomeka hata kwa tochi ya simu.