Caruana hakupoteza ushindi wowote

Ikitajwa mechi ya ubingwa wa dunia wa sataranji ya 2018, lazima atokee mtu aseme: "Lakini Caruana alikuwa na ushindi mkononi akauachilia." Anamaanisha mchezo wa sita, uliochezwa London tarehe 16 Novemba. Samahani jamani, huo ni upuzi mtupu, na sisi waandika programu tuna mkono wetu ndani yake.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Magnus Carlsen alikuwa na kete nyeupe, Fabiano Caruana nyeusi, ufunguzi ukawa wa Petroff. Carlsen akabanwa, akatoa kete moja kwa kubadilishana na askari kadhaa, kisha akajenga boma. Hatua 80, sare. Lakini kompyuta moja ya Norway iitwayo Sesse, iliyokuwa ikiendesha Stockfish, ilitangaza kwenye hatua ya 68 kwamba Nyeusi anashinda. Vipi? Askofu aende h4. Nyeupe akijibu askofu d5, farasi aende e2. Askofu akirudi f3, farasi ajitupe g1.

Hebu itazame hiyo g1. Ni mstari wa mwisho kabisa, sebuleni kwa adui. Farasi aliye pale ana miraba mitatu tu ya kurukia: e2, f3 na h3. Kila anayejifunza sataranji huambiwa asimpeleke farasi ukingoni, na wewe hapa unamfungia huko kwa hiari yako, baada ya saa nyingi za kukaa kitini, ili askofu wa mpinzani akose njia. Faida yenyewe utaiona hatua nyingi sana baadaye, ikiwa kichwa chako kitafika huko. Garry Kasparov aliandika kwamba Caruana angeicheza hiyo, watu wangedai mara moja vifaa vya kukagua vyuma, kwa sababu hakuna binadamu anayemnasa farasi wake mwenyewe namna hiyo.

Mwaona hukumu ilivyo? Akiicheza, ni mwizi. Asipoicheza, amekosea. Mtu huyohuyo, meza hiyohiyo. Kosa gani hilo ambalo kulikwepa ni ushahidi wa udanganyifu?

Kinachotupotosha ni ile namba iliyo pembeni mwa ubao. Injini ikisema "sifuri" maana yake ni sare ikiwa pande zote mbili zitacheza kama injini. Haisemi lolote kuhusu ugumu. Hatua ambayo mtoto wa shule angeiona na hatua inayohitaji mamilioni ya mikao ya ubao kuhesabiwa kila sekunde zinapata alama ileile: ?? nyekundu. Halafu mtazamaji ambaye hata kumfunga mfalme kwa ngome moja kunamtoa jasho anamcheka mchezaji wa pili duniani. Ni sawa na mtu anayesoma logi asubuhi, chai mkononi, akiuliza kwa nini aliyekuwa zamu usiku hakuona mstari wa elfu nne.

Sisemi kwamba nafasi hazipotei. Mechi hiyohiyo ina mifano halisi! Tarehe 9 Novemba, mchezo wa kwanza, Carlsen mwenye kete nyeusi alikuwa juu waziwazi kuelekea hatua ya 40, saa ya Caruana ikikaribia kuisha. Hakumaliza kazi, wakaenda mpaka hatua ya 115, sare. Hapo mlaumu Carlsen utakavyo, maana kazi iliyokuwa mbele yake ni ya aina anayoifanya kila mwaka. Na mchezo wa 12, tarehe 26 Novemba: Carlsen ana hali bora, ana muda zaidi, na anapendekeza sare kwenye hatua ya 31. Hiyo si kukosa kuona, ni kukataa kucheza. Kasparov alimsema, akadai sasa ana shaka naye kwenye michezo ya haraka. (Siku mbili baadaye Carlsen alishinda michezo hiyo 3-0, lakini hilo haliifanyi sare ile iwe nzuri.)

Sare tatu za aina tatu tofauti. Kwenye skrini zinaonekana kitu kimoja, mstari uliopanda ukashuka.

Wala msiniambie haiwezekani kutenganisha. Tangu 2020 kuna Maia, injini iliyofunzwa kwa michezo ya watu wa kawaida ya Lichess ili itabiri binadamu angecheza nini, si nini ni bora. Iwekeni karibu na Stockfish na mtajua kama hatua fulani ilikuwa na uwezekano wowote wa kuonwa. Na hata bila Maia, Stockfish hutafuta kwa ngazi, kina cha 1, cha 2, cha 3, na kuendelea, ikitoa kila mara hatua inayoipenda. Andika kina ambacho jibu sahihi lilijitokeza kwa mara ya kwanza likabaki hapo. Kina cha 6, weka ?? yako. Kina cha 40, nyamaza, au onyesha kwa rangi nyingine kabisa. Ni mistari michache ya msimbo, na data tayari inachapishwa na injini yenyewe, kila mstari ukianza na "info depth". Programu nyingi zinaisoma, zinachukua namba ya mwisho, na kutupa zilizobaki.