Sabufa Garini na Dhamana ya Fundi

Asubuhi za Sumbawanga zina baridi kali, na abiria wa magari madogo yatokayo Laela hufunga vioo vyote. Ndivyo tulivyoketi siku moja, wanne kiti cha nyuma, sabufa ikituunguruma mgongoni, mara harufu ya plastiki inayoungua ikatujia. Tukashuka kwa kukanyagana. Dereva alipochomoa kichwa cha betri na kufunua zulia, tuliona waya mwekundu wa amplifaya umesuguliwa na ukingo wa bati hadi shaba ikaonekana, na ganda lake limeyeyuka. Mwenyezi Mungu alitustiri. Nikauliza, fyuzi iko wapi? Nikaonyeshwa ile iliyomo kwenye amplifaya, kule nyuma.

Hapo ndipo penye kosa. Fyuzi ya nyuma huilinda amplifaya, haiulindi waya. Waya ukigusa bati njiani, umeme hurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari, wala haupiti kabisa kwenye fyuzi ile. Betri ya volti 12 haimpigi mtu shoti ya kumdhuru, na kwa sababu hiyo watu huidharau. Lakini nyaya zake zikigusana huweza kutoa mamia ya ampea, na waya ukawaka kama kaa la moto. Fyuzi ya kuulinda waya huwekwa karibu na betri, umbali usiozidi sentimita 45 hivi, na ukubwa wake hufuata unene wa waya, si wingi wa wati zilizoandikwa kwenye boksi.

Ama kuhusu spika zenyewe, iko hesabu ya omu ambayo wengi huiruka. Sabufa mbili za omu 4 kila moja, zikiungwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, amplifaya huzihesabu kuwa omu 2. Zikiungwa kwa mfululizo huzihesabu kuwa 8. Amplifaya iliyoandikwa kuwa mwisho wake ni omu 4, ukiipa 2, huvuta umeme kupita ilivyoundwa, hupata joto, kisha hujizima au huungua. Fundi hupenda sambamba kwa kuwa mlio hukua na mteja huondoka amefurahi. Na akikosea akageuza nyaya za spika moja, koni moja husukuma huku nyingine ikivuta, mlio mzito ukapotea; naye humshauri mteja anunue amplifaya kubwa zaidi!

Siwashutumu vijana hawa. Kazi yao ni riziki ya halali, na wengi wamejifunza kwa kumtazama aliyewatangulia. Lakini wanazuoni wa fiqhi wamelijadili kwa urefu suala la dhamana ya fundi, kama vile mshonaji na mtia rangi, nguo ya mtu ikiharibika mikononi mwake. Walihitilafiana katika mengi, ila fundi aliyezembea hakuachwa bila dhamana. Ikiwa hayo ni kwa kitambaa, vipi kwa abiria wanne na mtoto mgongoni?

Wapo watakaosema: tatizo ni muziki, zimeni sabufa, yaishe. Kwa hakika sauti nayo ina madhara. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Kondakta ashindaye humo kutwa na amfikirie huyo. Hata hivyo, gari linalopiga kaswida na mawaidha lina waya uleule, na moto hauulizi kinachopigwa.

Gari lile lilitiwa waya mpya kabla ya adhuhuri. Wiki iliyofuata nilipanda tena, nikamwomba dereva, kabla ya kutoa nauli, anionyeshe betri. Waya ulikuwa mzuri, mnene, umefungwa vizuri. Fyuzi haikuwapo.