Yowe si Kelele

Mtu akipaza sauti, watu husema upesi: Anapiga kelele. Lakini kelele ni sauti tu, haimwiti mtu. Masufuria yakianguka, hiyo ni kelele. Magari sokoni, kelele vilevile. Neno hilo limetembea mbali. Katika Kilingala husemwa makelele, na Claude Makelele, mcheza mpira aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1973 akachezea Ufaransa, ana jina hilo hilo. Tena uwanjani alisifiwa kwa kazi kubwa isiyo na kelele!

Yowe ni neno lingine. Anayepiga yowe anaita majirani: Njooni, nyumba inaungua! Njooni, mtoto ameanguka katika shimo la machimbo!

Watu wa Roma ya kale walilijua jambo hili. Shuleni Likasi mwanafunzi hujifunza neno la Kifaransa, crier, maana yake kupaza sauti. Waingereza walilipokea kwa Wafaransa, wakasema cry. Lakini shina lake ni Kilatini: quiritare. Raia wa Roma waliitwa Quirites. Varro, mwandishi wa Roma aliyekufa mwaka 27 kabla ya Kristo, alieleza kwamba quiritare ni kuwaita hao Quirites na kuwaomba msaada. Basi aliyepaza sauti njiani alikuwa akisema: Enyi raia wenzangu, nisaidieni!

Kwa hiyo wazazi wanaomfundisha mtoto kunyamaza siku zote wanakosea. Mtoto akishikwa mkono kwa nguvu na mtu asiyemjua, adabu yake saa ile ni yowe, tena yowe kubwa.

Lakini wanakosea zaidi watoto wanaopiga yowe kwa mchezo. Tuseme ni mtaani Kikula, jioni. Watoto wanaita, “Moto! Moto!” Majirani wanatoka mbio, wengine bila viatu, wengine na ndoo za maji. Watoto wanacheka. Kesho yake wanaita tena, na wanatoka watu wachache. Siku ya tatu mama mmoja anasema, “Ni kelele za watoto tu,” naye anaendelea kusonga bukari yake. Hapo yowe limekwisha kugeuka kelele.

Na hasara haitawapata watoto wale. Labda itampata bibi mzee wa nyumba ya pili, jiko lake la makala likianguka usiku. Naye sauti yake ni ndogo.