Msaidizi wa Nyuma ya Pazia Naye Aonekane

Anayetetea memwari katika isimu hulazimika kujibu maswali yale yale: sentensi hii aliisema nani? Alilelewa kwa lugha gani? Nani aliinakili kutoka kwenye sauti, na nani aliitafsiri? Walimu wetu hawaulizi hivyo kwa kututesa. Wanajua kwamba data hupita mikononi mwa watu, na kila mkono huacha alama yake. Hoja yangu ni kwamba maswali hayo sasa tuwaulize pia wasaidizi wa akili mnemba ambao wengi wetu hatujui hata kama wapo.

Wengi tunadhani kwamba tukiipa programu kazi, ni "mtu" mmoja anayetujibu. Mambo yamebadilika. Katika mifumo kama Claude Code, msaidizi mkuu anaweza kugawa kazi na kuwatuma wasaidizi wadogo wakafanye kazi nyuma ya pazia, huku wewe ukiendelea kuongea naye mambo mengine. Kila msaidizi mdogo huanza na kumbukumbu yake peke yake. Kwa kawaida hajui yote uliyozungumza na mkuu. Anajua agizo alilopewa na vile atakavyovikuta kwenye mafaili. Akimaliza, hurudisha ripoti, na mkuu huiunganisha na nyingine. Unachosoma mwishoni mara nyingi ni muhtasari wa mihtasari.

Utaratibu huu una faida, na si haki kuuficha ukweli huo. Juni 2025 kampuni ya Anthropic ilieleza mfumo wake wa utafiti wenye kiongozi na wasaidizi wanaofanya kazi sambamba. Katika jaribio lake la ndani, mfumo huo ulimpita msaidizi anayefanya kazi peke yake kwa 90.2%. Kampuni hiyo hiyo ilisema kwamba mifumo ya aina hii hutumia tokeni takriban mara 15 zaidi ya mazungumzo ya kawaida, na kwamba matoleo ya mwanzo yaliwahi kutuma wasaidizi 50 kwa swali dogo. Kwa sisi tunaohesabu mega kabla ya kufungua ukurasa, hilo si jambo la kupuuza.

Mwezi huo huo Walden Yan wa kampuni ya Cognition alitoa hoja kinyume. Mfano wake ni mchezo wa kompyuta uitwao Flappy Bird: msaidizi mmoja aambiwe achore mandhari, mwingine amtengeneze ndege. Wa kwanza analeta mandhari ya mchezo mwingine kabisa, wa pili analeta ndege asiyefanana na yule aliyetakiwa. Kila mmoja amemaliza kazi yake, lakini vipande havishikani, kwa sababu hakuna aliyeona mwenzake anaamua nini.

Tuulete mfano huo kwenye meza yetu. Una saa kumi za mahojiano ya Kiswahili cha Lubumbashi, yamekwisha kunakiliwa, na unataka yagawanywe mofimu kwa mofimu. Msaidizi mkuu anawatuma wasaidizi wanne. Mmoja anakutana na *katoto* na *tutoto*, anaandika ngeli ya 12 na ya 13, sawasawa. Mwingine, ambaye hakuambiwa kwamba hapa udogo husemwa kwa *ka-* na *tu-*, analichukulia *katoto* kuwa kosa la mnakili na kuweka *kitoto*. Wa tatu anabadilisha *batoto* kuwa *watoto*, akiamini anasaidia. Wa nne anaiandika *njo* kuwa kitenzi kishirikishi, wakati mwenzake ameiandika kuwa alama ya mkazo. Kisha mkuu anakuambia: kazi imekamilika.

Hakuna aliyedanganya hapo. Lakini kile ulichokwenda kukitafuta, yaani namna watu wa Lubumbashi wanavyosema, kimesahihishwa kikawa Kiswahili cha kitabu cha shule. Ukihesabu baadaye ni mara ngapi kiambishi *ba-* kinatumika na *wa-* mara ngapi, utakuwa unapima tabia ya wasaidizi wako. Kwa anayefanya kazi kwenye Kiluba au Mashi hatari ni kubwa zaidi: matini isiyo na alama za toni haiwezi kumpa msaidizi toni. Akikuletea toni, jiulize ameitoa wapi.

Taaluma yetu inaijua hali hii tangu zamani. Sarufi na kamusi nyingi za enzi ya ukoloni zilijengwa juu ya masikio na midomo ya watu ambao majina yao hayamo kwenye jalada wala ndani. Lakini tunao pia mfano mwema, na unatoka Katanga. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Élisabethville kwa Kiswahili cha mji huo, kwa niaba ya watu waliowahi kuwa maboyi katika nyumba za Wazungu. Maandishi yake hayakufuata tahajia ya shule. Johannes Fabian alipoyachapisha mwaka 1990, hakuyanyoosha kimya kimya. Kalundi Mango aliyasoma kwa sauti ili maneno yapate mipaka yake, na jina la Kalundi Mango limeandikwa kwenye kitabu. Msomaji anajua ni wapi Yav anasema na ni wapi mkono wa msaidizi umepita. Hicho ndicho kipimo ninachoomba.

Napendekeza basi kitivo chetu kidai mambo matatu kwa kila memwari iliyotumia wasaidizi hao. Kwanza, agizo alilopewa kila msaidizi liwekwe kwenye viambatisho, neno kwa neno, likitaja lahaja, tahajia na orodha moja ya alama za mofimu kwa wote. Pili, kazi ghafi ya kila msaidizi ihifadhiwe kwenye faili lake kabla ya kuunganishwa, kama tunavyohifadhi daftari la uwandani na sauti ya asili. Tatu, sehemu ya kazi hiyo isikilizwe upya dhidi ya sauti na mzungumzaji wa lugha, alipwe kwa muda wake, na akiridhia aandikwe jina.

Najua baadhi ya wahadhiri wangependa tupige marufuku tu. Naheshimu wasiwasi wao, lakini marufuku itawaficha wasaidizi hawa hata zaidi: mwanafunzi atawatumia usiku na kunyamaza mchana. Na wenzangu watakaosema masharti haya yanaturudishia kazi tuliyotaka kuikwepa, nawajibu kwamba kazi iliyobaki ndiyo isimu yenyewe. Kuhesabu maneno, kupanga mafaili, kutafuta mifano iliyotawanyika katika kurasa mia tatu, hayo mashine iyafanye. Kuamua kama *njo* ni kishirikishi au mkazo ni uchambuzi, na mchambuzi lazima awe mtu anayeweza kusimama mbele ya jopo na kuutetea.

Lugha zetu nyingi hazina maandishi mengi. Memwari moja inaweza kuwa chanzo pekee ambacho mtafiti wa miaka ishirini ijayo atakipata kuhusu kijiji fulani. Tukimwachia *watoto* mahali ambapo bibi wa Kenya au Katuba alisema *batoto*, hatakuwa na njia ya kujua. Tumwachie basi daftari lililo wazi, lenye majina ya watu na maagizo ya mashine, aone mwenyewe kila neno limepitia mikono gani.