Tuanze na saa za kilabu

Kahawa inapoiva katika milima ya Umatengo, fedha huanza kuzunguka Mbinga. Kule chini kwenye Ziwa Nyasa, Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, kijana aliyekesha akivua usipa kwa taa hulipwa asubuhi papo hapo ufukweni. Fedha hizo ndizo zinazofuatwa na pombe, na huzikuta mikononi mwa vijana kabla hazijafika nyumbani. Tunapolalamika kwamba vijana wetu wameharibiwa na ulevi, tunawasema wao na malezi yao, halafu tunaishia hapo. Nashikilia kwamba kijana hunywa kupita kiasi pale pombe inapokuwa karibu, ya bei ndogo na ya saa zote. Hapo ndipo pa kushika.

Ushahidi tunao hapahapa nchini. Kwa miaka mingi viroba viliuzwa madukani kama biskuti, pakiti ya pombe kali inayojificha ndani ya mfuko wa sare ya shule. Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kuvipiga marufuku, na Machi 1 katazo likaanza. Pakiti hizo zikatoweka rafuni bila mahubiri yoyote. Ni kweli kwamba vichupa vya plastiki vimechukua sehemu ya nafasi ile, na gongo halikuhitaji kifungashio tangu mwanzo. Hilo linaonyesha kwamba kazi iliishia njiani. Halionyeshi kwamba njia ilikuwa mbaya.

Na gharama ya kuiachia njiani wanailipa vijana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba pombe iliua watu milioni 2.6 mwaka 2019, na katika vifo vyote vya watu wa miaka 20 hadi 39, sehemu inayotokana na pombe ni kubwa kuliko katika rika lolote jingine. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi kwenye miaka 25 hivi, kwa hiyo anayeanza kunywa akiwa na 15 anaujeruhi ungali unajengwa. Huku kwetu hatari ina sura zake. Mvuvi aliyelewa akikutwa na upepo mkali katikati ya Ziwa Nyasa hana nguvu za kupiga kasia wala akili ya kugeuza mtumbwi mapema. Dereva wa bodaboda aliyepata chupa mbili anashuka na abiria kona za mlimani kuelekea Mbamba Bay. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI huruka dozi siku za ulevi, na virusi hupata mwanya.

Wapo watakaosema pombe ni mila yetu. Ni kweli, ila tuitazame mila hiyo vizuri. Pombe ya kienyeji ilipikwa kwa siku kadhaa, ikanywewa baada ya kazi ya pamoja, mashimo ya ngoro, kilimo chetu cha mlimani, yakiwa yamekwisha kulimwa, wazee wakiwa wamekaa palepale. Katika sengu, yaani mlo na kikao cha pamoja cha ukoo, kijana alikula na wakubwa wake, akaonywa mbele yao. Pombe ilikuwa na siku yake, na ilipokwisha watu walikwenda nyumbani. Ya leo haina siku wala mzee. Anayetaka kutetea mila basi atetee na mipaka yake.

Hoja nzito zaidi ni ya akina mama wanaopika komoni, pombe ya kienyeji. Wengi wao wamesomesha watoto kwa pipa lile, na kuwamwagia pombe bila kuwapa kingine ni ukatili. Lakini kuweka saa za kilabu si kuwafungia biashara: komoni iliyouzwa jioni inalipa ada sawasawa na iliyouzwa saa mbili asubuhi, tofauti ni kwamba mvuvi atakuwa ameshapeleka fedha nyumbani. Serikali za vijiji zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo zinazopangia vilabu saa na kuwatoza faini wanaowauzia watoto. Na kwa anayetaka kuacha kupika, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kati ya hizo zikiwa za wanawake na 4 za vijana. Madiwani wa Mbinga na Nyasa wanapokaa kupitia maombi ya mikopo hiyo, vikundi vya wapika pombe wanaotaka kuhamia kwenye kukausha na kuuza usipa vinastahili kuwa juu ya orodha.